Mtoto Akivimba Taya: Je, Imani Inatuamuru Kungoja?



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika juu ya ndoa, juu ya sadaka, juu ya vijana na pombe. Leo tunaandika juu ya jambo lililotusumbua moyo siku nyingi, ambalo wengi kati yenu mmetuuliza baada ya ibada kwa sauti ya chini, kama watu wanaoogopa kusikiwa. Mtoto akipatwa na ugonjwa mkali, je, kumpeleka lopitali mara moja ni kukosa imani? Na kubaki naye katika chumba cha maombi, kumngojea Bwana, ndiyo imani ya kweli? Hatutaki kulijibu swali hili kwa jumla, maana jibu la jumla halimsaidii mama aliyebeba mtoto mgongoni. Tutatazama ugonjwa mmoja tu, kansere inayoshika taya na uso wa watoto wetu. Tumeuchagua sababu una tabia moja inayotufunua sisi wenyewe: unakwenda mbio.

Miaka michache iliyopita, mama mmoja wa bonde la Ruzizi alituletea mtoto wake mwanaume wa miaka sita. Jino la nyuma lilikuwa linacheza, na shavu la kuume limevimba kidogo, kama la mtoto aliyeficha kipande cha muwa mdomoni. Hakuwa na homa. Hakulia. Alikula vizuri, na siku ile ile alicheza mpira wa matambara na wenzake katika kiwanja cha kanisa. Mama alikuwa amemfikisha kwanza kwa mtu anayeng'oa meno sokoni. Jino likang'olewa, lakini kidonda hakikufunga, na mahali pa jino pakaota nyama.

Tulimwekea mikono. Usiku ule mmoja wa waonaji wetu akasema ameona katika ndoto mwanamke mzee wa upande wa baba, ameshika kamba. Basi maombi yakageuka. Hatukuomba tena kwa ajili ya shavu, tuliomba juu ya yule mzee. Tukaamuru siku saba za kufunga, kisha saba zingine. Mama alituuliza mara moja, siku ya tisa: "Baba Mchungaji, mnaona inapungua?" Tukamjibu kwamba anayemtumaini Mungu hapimi. Siku ya kumi na nne shavu lilikuwa limesukuma jicho, likawa halifungi tena. Mjomba wa mtoto, mwalimu wa shule, alifika kwa pikipiki, hakusalimia mtu, akamchukua mtoto na mama yake, akaenda.

Mganga wa lopitali alimulika mdomo kwa tochi, akagusa tumbo, akauliza neno moja: "Tangu lini?" Mama akamwambia. Mganga hakutukana mtu. Aliandika siku zile katika karatasi, basi. Dawa ilipatikana baada ya siku zingine sita, kwa feza zilizokusanywa huku na huku. Mtoto alikufa siku ya pili baada ya shindano la kwanza. Walisema uvimbe ulikuwa mkubwa mno, nao ulipoanza kuvunjika, figo zake hazikuweza kubeba uchafu wote.

Sisi tunaoandika tulikuwa katika chumba kile. Hatusemi juu ya watu wengine.

Baada ya mazishi tulitaka kuelewa ni kitu gani tulichokuwa tunakiombea bila kukijua. Tukauliza, tukasoma, tukatuma barua kwa wanaojua. Na tulilolipata tunawapa ninyi, sababu mzigo huu si wa kufungia sandukuni.

Ugonjwa huu una jina la mtu aliyeutambua vizuri wa kwanza. Mwaka 1957, katika lopitali ya Mulago huko Kampala, mganga Hugh Trowell alimwita mwenzake mpasuaji, Denis Burkitt, amtazame mtoto mwanaume wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba zote, juu na chini, kuume na kushoto. Burkitt hakuelewa. Kama ingekuwa jipu, au usaha ulioingia mfupani, ungevimba upande mmoja. Hapa zilikuwa pande nne mara moja. Muda kidogo baadaye alikuwa Jinja kwa kazi yake, akatazama nje ya dirisha, akaona mtoto mwingine ameketi na mama yake, uso wake vilevile. Akatoka kwenda kumpima, akakuta na tumboni kuna vimbe. Akarudi Mulago akafungua vitabu vya wagonjwa wa zamani, akaona wamekuwa wengi, kila mmoja ameandikwa chini ya jina tofauti kama vile hawakuwa ndugu katika ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 akaandika habari yao.

Mtu huyu, tuwaambie wale wanaozania kwamba lopitali ni nyumba ya wasioamini, alikuwa mtu wa sala. Alizaliwa Ireland mwaka 1911. Alipokuwa na miaka 11 alipigwa jiwe usoni, jicho moja likapotea, na maisha yake yote alipasua watu kwa jicho moja. Alikuja Afrika kwa sababu aliamini Mungu amemtuma. Mwaka 1961, pamoja na rafiki zake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri majuma 10 katika motokari kuukuu, maili 10,000, toka Uganda mpaka Afrika Kusini, akipita katika malopitali ya misioni na ya serikali. Alionyesha picha za watoto na kuuliza kama wamewaona wa namna hii. Ted Williams alikuwa mganga wa lopitali ya misioni ya Kuluva, upande wa West Nile, karibu kabisa na mpaka wetu wa Ituri. Habari hii basi si ya ng'ambo. Ilipita mlangoni petu.

Walichokiona katika safari ile ni kwamba ugonjwa unafuata nchi ya joto na mvua, nchi ya chini. Kwenye milima yenye baridi hauonekani sana. Sisi wa bonde tunajua tofauti hiyo bila kufundishwa. Mtu akishuka toka milimani, malaria inampokea.

Na ndivyo ilivyo. Mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong walitazama vipande vya uvimbe vilivyotumwa kwa ndege toka Kampala, wakakuta ndani ya seli virusi visivyojulikana mbele. Virusi hivyo vinapita katika mate. Mama anayemtafunia mtoto chakula, bibi anayembusu, watoto wanaoramba muwa mmoja, wote wanapeana. Karibu kila mtoto wa nchi zetu anavipata katika miaka ya kwanza ya maisha yake, na havimfanyi kitu. Lakini malaria inapomrudia mtoto tena na tena, walinzi wa damu wanachoka, na katika seli moja ya damu nyeupe kosa linaingia. Seli ile inasahau kusimama. Inazaa, inazaa.

Hapa tunapenda kusimama kidogo, sababu ndipo tulipopotea.

Mnasikia: karibu kila mtoto ana virusi, na malaria inapiga kila nyumba. Kuanzia mwaka 1972, katika West Nile hiyo hiyo, watafiti walitoa damu ya watoto karibu 42,000 ili waone ni nani atakayepatwa. Katika miaka ya kwanza iliyofuata waliopatwa hawakufika hata 20. Basi kwa nini hawa? Kwa nini mtoto wa mama huyu, na si wa jirani? Wazande wana habari inayojulikana sana. Gala likianguka likamuua mtu aliyeketi kivulini pake, hawakatai kwamba mchwa umekula nguzo. Wanauliza tu: kwa nini lilianguka saa ile, na mtu huyu akiwa chini? Sayansi inatupa mchwa. Saa ile na mtu yule, haitupi. Na ndani ya nafasi ile tupu, kati ya mchwa na mtu, sisi tunaingiza bibi mzee mwenye kamba.

Hatuandiki haya kwa kuzarau wazee wetu. Swali lao ni la kweli, na hata msomi mwenye diploma ukutani analiuliza usiku mtoto wake akilala kitandani cha lopitali. Lakini Bwana wetu aliulizwa swali lile lile, na mnakumbuka alivyolipokea. Wanafunzi walimwonyesha kipofu wa tangu kuzaliwa, wakataka kujua ni zambi ya nani, yake au ya wazazi. Hakuwapa jina la mtu. Na aliposema yeye mwenyewe juu ya mnara wa Siloamu ulioua watu kumi na wanane, alikataa kusema walikuwa wabaya kuliko wengine. Mara mbili watu walitaka mkosaji, na mara mbili aliwanyima. Kisha tazameni alilolifanya kwa yule kipofu: aliinama, akatengeneza tope kwa mate, akampaka macho, akamtuma aende kunawa. Aliacha swali la nani akashika kazi.

Sisi tulifanya kinyume. Tulipata jina la mzee, tukafurahi kama watu waliopata dawa. Mzee yule leo hapiti tena njia ya kanisa. Alikuwa amemlea baba wa mtoto tangu utoto. Katika sehemu zingine za nchi yetu jina linaangukia hata mtoto mwenyewe, wanamwita ndoki, wanamfukuza nyumbani na uvimbe wake. Anayetafuta mlozi hatatazama ndani ya mdomo, maana macho hayawezi kuwa mahali pawili.

Turudi kwenye kungoja.

Waganga wanasema kansere hii ni kati ya zile zinazokua upesi kuliko zote zilizo katika mwili wa mwanadamu. Seli zake zinaweza kuwa mara mbili kwa siku 1 au 2. Sisi si watu wa hesabu kubwa, lakini tulichukua punje za mahindi tukazipanga juu ya meza. Punje moja siku ya kwanza, na kila siku mbili tunazidisha mara mbili. Baada ya siku kumi na nne zilikuwa punje 128. Mganga alituambia kwamba mwilini haiendi sawasawa hivyo, sababu seli nyingi zinakufa njiani. Sawa. Tupunguze nusu, tupunguze tena nusu. Bado meza yetu ilikuwa imejaa, na sisi ndio tuliosema siku saba, kisha saba zingine.

Mtu atasema: ninyi mmekuwa watu wa lopitali sasa, mmeacha njia ya kanisa. Hapana. Kungoja ni sehemu ya imani, na hatuifuti. Kuna shemasi mmoja mzee kati yetu, mwenye uvimbe wa kinena tangu miaka mingi, ambaye amekataa kupasuliwa. Anasema ameongea na Mungu juu ya jambo hilo na wamesikilizana. Tunamheshimu. Mwili ni wake, maumivu ni yake, na kama akikosea, atakayelipa ni yeye. Hapo ndipo tofauti ilipo, nasi tulikawia kuiona. Mtu mzima anayengoja anatoa kitu chake. Mzazi anayengoja kwa mwili wa mtoto anatoa kitu cha mtoto. Na sisi, viongozi tuliomwamuru mzazi angoje, tulitoa kitu ambacho hakikuwa chetu hata kidogo: siku kumi na nne za mtoto wa watu wengine. Hakuna sadaka rahisi kama ile inayotoka mfukoni mwa mwingine.

Mtoto yule hatukumwuliza neno. Angejibu nini? Mtoto wa miaka sita anaamini kile mama yake anachoamini, na mama aliamini tulichomwambia. Ukifuata kamba hiyo mpaka mwisho, imani yote iliyokuwa katika chumba kile ilikuwa imefungwa kwenye neno letu. Nalo neno letu lilitoka katika ndoto moja.

Tunajua Maandiko mtakayotuletea, sababu tumejiletea sisi wenyewe.

Mtatuambia juu ya Abrahamu. Lakini Abrahamu hakuambiwa na mwonaji wa jirani, na juu ya mlima ule kisu kilizuiwa. Alishuka na mwanawe mzima. Sisi tulishuka bila mtoto.

Mtatuambia juu ya Lazaro, ginsi Bwana alivyopata habari ya ugonjwa, naye akakaa siku mbili zingine mahali alipokuwa. Hili lilitusumbua sana, na ndugu mmoja wa kamati alilitumia kutufunga mdomo. Tulikaa nalo majuma kadhaa. Mwisho tukaona jambo rahisi: aliyekawia alikuwa ni yule mwenye kuweza kusimama mbele ya kaburi na kumwita mfu kwa jina. Anayeweza hivyo, akawie. Sisi tulisimama mbele ya kaburi la mtoto yule, tukaimba, tukarudi nyumbani.

Wazazi wa kweli katika Maandiko, hao hawakawii. Yairo, mkubwa wa sinagogi, aliacha nyumba yake na cheo chake akaenda mbio kumtafuta yule anayeponya, akaanguka miguuni pake mbele ya watu. Mama wa Musa alimwamini Mungu, ndiyo, lakini hakumtupa mtoto mtoni na kusema Mungu ataona. Alisuka kikapu, akakipaka lami maji yasiingie, na dada yake akasimama mbali akitazama. Mikono yake ilikuwa na lami, na hakuna anayesema kwamba lami ile ilikuwa ukosefu wa imani. Tena sisi tunaojiita kanisa la manabii tunapashwa kukumbuka nabii Isaya. Mfalme Hezekia alikuwa karibu kufa, akalia, na Mungu akamwahidia miaka 15 zaidi. Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa! Ilibaki nini tena? Na bado nabii aliagiza walete tini zilizopondwa, waziweke juu ya jipu. Tumehubiri habari hii mara nyingi kanisani, na kila mara tulipita upesi mahali pa tini.

Sasa tuseme ukweli mwingine, msije mkazania kwamba lopitali ni mbingu. Tumekaa kwenye mabenchi yake. Tunajua mama anayeombwa feza ya karatasi kabla mtoto hajatazamwa. Tunajua dawa isiyokuwapo, mashine iliyokufa, barabara ambayo mvua moja inaikata. Si kila lopitali ya zoni ya afya ina dawa za kansere, na mara nyingi inafaa mtoto asafirishwe mpaka mji mkubwa. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kwa 100 wenye kansere wanapona. Katika nchi maskini hawafiki 30. Watoto ni wale wale, ugonjwa ni ule ule. Kwa hiyo mzazi aliyemleta mtoto wake mbio na bado akamzika, asihukumiwe na mtu, wala asijihukumu. Alipaka kikapu chake lami. Mto ulikuwa mkali.

Lakini sikieni na upande wa pili. Kati ya kansere zote za watoto, hii ya taya ni moja ya zile zinazosikia dawa upesi kabisa. Tangu miaka ya 1960 inajulikana kwamba inayeyuka kwa dawa, hata bila kisu. Kampala walifungua mwaka 1967 nyumba ya kuitibu, ambayo leo ni taasisi kubwa ya kansere ya Uganda. Dawa moja ya zamani, siklofosfamidi, ndiyo msingi wa matibabu yake mpaka leo, nayo si kati ya dawa za matajiri. Huko Kameruni, katika malopitali ya misioni ya Wabatisti, walipanga matibabu mafupi yenye kuwezekana kwa watu maskini, na zaidi ya nusu ya watoto wameishi. Mwaka 2018 Shirika la Afya la Ulimwengu lilipochagua kansere sita za watoto za kuanza nazo, hii ilikuwa mojawapo. Haikuchaguliwa bure. Ilichaguliwa sababu inaponyeka, kama mtoto anafika mapema na anamaliza dawa.

Anamaliza dawa. Neno hilo linatugusa kanisa kwa namna ya pekee, hata kuliko lile la kungoja. Dawa hii inafanya kazi upesi hivi kwamba baada ya siku chache taya linarudi, jicho linafunga, mtoto anaomba ugali. Mtu yeyote akiona analia machozi ya furaha, na ndivyo inavyofaa. Kisha familia inarudi nyumbani, feza zimekwisha, shamba linaota majani, na siku ya Mungu inayofuata mtoto anasimamishwa mbele ya mkutano. Ngoma zinapigwa. Watu wanasimama juu ya mabenchi. Nani katikati ya kelele ile anauliza: mashindano yamebaki mangapi? Na mama atarudije lopitali wiki ijayo, akiwa amekwisha kusema mbele ya kanisa zima kwamba mtoto amepona? Kurudi kungekuwa kama kukana ushuhuda wake. Waganga wanatuambia kwamba watoto wengi wanapotea hapo, katikati, wakati uso umekwisha kuwa mzuri na mbegu bado iko ndani. Uvimbe ukirudi, unarudi na hasira, mara nyingine kichwani, na dawa ya kwanza inauona kama mgeni asiyejulikana.

Kwa hiyo kamati imekata neno, na baadhi yenu mmekasirika: ushuhuda wa mtoto aliye katika dawa hautatolewa mpaka mganga aandike kwamba dawa zimekwisha. Mungu hatapungukiwa na sifa kwa kungoja miezi michache. Yeye anaweza kungoja.

Tunawaandikia na alama, mzijue, maana mganga hawezi kuwa katika kila nyumba lakini mama yuko. Mtoto wa miaka kama minne mpaka tisa, zaidi mwanaume, ambaye meno ya nyuma yanaanza kucheza bila sababu, moja au mengi. Shavu au taya lililovimba bila kuuma. Jicho linalosukumwa mbele. Tumbo linalokua kwa siku chache. Kukosa maumivu kusiwadanganye. Mtoto wetu alicheza mpira. Na kama mnaona katika jicho la mtoto mdogo, chini ya miaka mitano, mng'ao mweupe kama wa jicho la paka usiku, hiyo ni kansere nyingine, ya jicho, nayo pia haina subira. Msikubali jino ling'olewe sokoni kisha mkae. Msikubali mfumu achanje shavu kwa wembe. Na mkija kwetu, mje, tutaomba, lakini tutaomba tukiwa njiani.

Maombi hayakupunguzwa na uamuzi huu, yamehama tu. Kikundi cha mama wa maombi sasa kinafuata mtoto mpaka kwenye kitanda chake cha lopitali. Mmoja anabaki na wadogo wake nyumbani, mwingine analima kipande cha mama yake mihogo isiliwe na majani. Mfuko mdogo umewekwa, siku ya Mungu ya pili ya kila mwezi, kwa njia na chakula, sababu dawa yenyewe mara nyingine inapatikana na mtu akakosa nauli ya kuifuata. Siku za kufunga bado tunafunga. Feza ya chakula tusichokula inaingia katika mfuko ule. Ndugu zetu wa milimani, ambao ugonjwa huu hauwatembelei sana, ndio waliotoa wa kwanza. Tunawashukuru.

Mama wa mtoto yule bado anasali nasi. Tulikwenda nyumbani kwake, sisi wote tuliokuwa katika chumba kile, tukamwomba msamaha. Alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Siku ya tisa mimi nilikuwa nimekwisha kupima. Nilipima kwa uzi." Akatuonyesha uzi wenye mafundo mawili, moja la siku ya tatu na moja la siku ya tisa. Aliuhifadhi ndani ya Biblia yake. Hatukuwa na neno la kumjibu. Tulikaa naye mpaka jioni, tukamsaidia kubeba maji, tukarudi.

Leo yeye ndiye anayeshika tochi katika chumba cha maombi. Kila mtoto anayeletwa, kwanza anafungua mdomo. Mwezi uliopita baba mmoja alikuja mbio, anatoka jasho, amebeba msichana wa miaka saba mwenye jino linalocheza. Tulipanda pikipiki saa ile ile, watu watatu juu ya moja, mpaka kituo cha afya, na usiku ulikuwa unaingia. Infirmie alimtazama, akamtazama tena, kisha akaanza kucheka. Lilikuwa jino la mbele, jino la maziwa, wakati wake wa kutoka umefika. Akalivuta kwa vidole viwili, akalifunga katika karatasi, akampa msichana. Njia nzima ya kurudi alilishika mkononi, akituuliza kama ni kweli jingine litaota, na lini.